Volvo ya Mtumba

Kuna bishano moja ambalo Nairobi haijawahi kulimaliza. Kaa na mbogi yoyote inayopenda ndai, iwe ni mahali magari yanapooshwa mtaani au kwenye kibanda cha chai nje ya gereji, na swali litafika tu: mpe fundi wa usukani gari la kawaida, umpe asiyejua gari la nguvu, nani atatangulia? Mmoja atatoa simu akuonyeshe video ya Subaru iliyofungwa turbo kubwa. Mwingine ataapa kwamba kuna jamaa wa mtaani kwao mwenye Toyota Starlet kuukuu ambaye hapitwi na mtu, bora kuwe na kona. Chai itapoa, sauti zitapanda, na mwishowe kila mtu ataenda nyumbani na msimamo aliokuja nao.

Mimi napenda historia kuliko mwendo. Kinachonishangaza kuhusu bishano hilo ni kwamba tunalianzisha upya kila wikendi kana kwamba hakuna aliyewahi kulijaribu. Limejaribiwa hapa hapa kwetu, kwenye vumbi na matope, kwa karibu miaka 50, na matokeo yameandikwa. Majina yapo, magari yapo, miaka ipo. Ukiyasoma vizuri utapata jibu, ingawa si lile jibu rahisi ambalo mashabiki wa Starlet wangetaka.

Mtu aliyechoka kuzunguka

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, walowezi waliopenda mbio za magari walikuwa na uwanja wao Langa Langa, karibu na Gilgil. Ulikuwa uwanja wa kuzunguka: unaanza hapa, unazunguka, unarudi hapa. Eric Cecil alipomwalika binamu yake Neil Vincent ashindane huko, Vincent alikataa. Alisema hakuna kitu kinachochosha kama kuzungukazunguka kipande kile kile cha barabara. Lakini kama kungekuwa na mbio za kufunga mlango wa gari, kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, na wa kwanza kufika ndiye mshindi, basi yeye angekuja.

Ilikuwa kauli ya kejeli, lakini Cecil aliichukua kwa uzito. Mwisho wa Mei 1953 mbio hizo zikafanyika, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, zikapewa jina la Coronation Safari kwa sababu Uingereza ilikuwa inamtawaza Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo Safari Rally tunayoijua leo.

Angalia jinsi walivyoyapanga magari. Hawakuyagawanya kwa ukubwa wa injini wala kwa kasi. Waliyagawanya kwa bei yake dukani. Yalikuwa magari ya kawaida, yale yale ambayo karani au mkulima angeweza kununua mjini. Kwa maneno mengine, waliuliza swali lile lile la kibanda cha chai: mkipewa gari la bei moja, nani atafanya nini nalo?

Mwaka huo wa kwanza hakukuwa na mshindi mmoja wa jumla. Lakini waliopoteza alama chache zaidi walikuwa Alan Dix na Johnny Larsen, ndani ya Volkswagen Beetle. Kale kagari ka mgongo wa kobe, kenye injini nyuma, ambako nguvu zake hazikufika hata farasi 40. Mwaka uliofuata Vic Preston alishinda kwa Volkswagen pia. Mwaka wa 1956 Eric Cecil mwenyewe alishinda kwa DKW, gari dogo la Kijerumani.

Hesabu ya dakika

Ili uelewe kwa nini vigari hivyo viliweza, lazima uelewe hesabu ya Safari ya zamani. Njia ilikatwa vipande vipande, na kila kipande kilipewa muda wake. Ukifika kwenye kituo umechelewa, kila dakika ya kuchelewa ni adhabu. Mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Barabara hazikufungwa. Ulikutana na lori, na punda, na mama anayetoka sokoni. Safari nzima ilikuwa takriban kilomita 5,000, mchana na usiku, tena wakati wa Pasaka, mvua ya masika ikimwagika.

Sasa piga hesabu. Chukua kipande cha kilomita 100 ambacho wewe unakwenda kwa kilomita 80 kwa saa, na mwenzako mwenye gari la nguvu anakwenda kwa 100. Yeye atafika dakika 15 kabla yako. Sawa. Lakini akizama kwenye udongo mweusi kwa saa mbili akisubiri wanakijiji waje na kamba, amepoteza dakika 120. Ili azirudishe, anahitaji vipande vinane kama kile bila kukosea hata kimoja. Na kadiri anavyokimbia ili azirudishe, ndivyo anavyokaribia shimo linalofuata.

Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 yalianza 93 na tena yakamaliza 7. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, mkazi wa Kenya, na mwelekezi wake Paddy Cliff, na mara zote mbili waliendesha Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania walishinda mara mbili mfululizo kwa 404 pia. Hilo lilikuwa gari la familia.

Nilimuuliza fundi mmoja mstaafu, mzee wa Ngara aliyewahi kutengeneza magari ya washindani wakati huo, kama 404 ilikuwa na siri gani ndani.

"Kijana wangu," akaniambia, "watu walikuwa wanauliza hii gari inakimbia aje. Sisi tulikuwa tunauliza itarudi aje."

"Kwa hivyo mzee, dereva mzuri ni yule wa polepole?"

Akacheka. "Si polepole! Wale watu walikuwa wanakimbia, usidanganywe. Lakini walijua mahali pa kukimbia. Ukifika mtoni, unaangalia kwanza ng'ombe wanavukia wapi. Mahali ng'ombe anavuka, chini ni kugumu. Mgeni anaangalia maji. Mwenyeji anaangalia ng'ombe."

Makanika wa Kericho

Jina linalotajwa zaidi katika hadithi hii ni Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza kazi katika gereji ya babake, mikono ikiwa na grisi kabla haijawa na usukani wa mashindano. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye magari kama fundi wa doria. Kazi yake ilikuwa kuzunguka barabarani akiokoa watu ambao magari yao yamewakwamia. Fikiria hiyo shule. Kila siku unakutana na gari lililokufa, na unaulizwa limekufa kwa nini. Alianza mashindano mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa tayari na umri wa miaka 26 au hivi, umri ambao vijana wengi wa mbio leo wanaambiwa wamechelewa.

Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari kwa Volvo PV544. Gari lenyewe lilikuwa mtumba: lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda kabla ya wao kulipata. Umbo lake lilikuwa la zamani hata kwa wakati ule, mgongo wa mviringo kama gari la sinema za vita. Ndugu hao wawili walilifungua, wakalifunga upya kwa mikono yao, wakaenda nalo. Walishinda kwa tofauti ya zaidi ya saa moja.

Saa moja! Siku hizi mbio za dunia zinaamuliwa kwa sekunde. Volvo iliyochoka, ya watu wawili kutoka gereji ya familia, iliziacha timu zilizokuja na pesa za viwanda. Ukitaka ushahidi wa kupeleka kwenye kibanda cha chai, huo hapo.

Lakini tusiishie hapo, kwa sababu wengi huishia hapo na kusema: umeona, gari si kitu. Joginder hakushinda kwa sababu gari si kitu. Alishinda kwa sababu alilijua gari lile mpaka kwenye nati. Alijua springi itavumilia shimo gani, injini itakunywa mafuta kiasi gani, sauti gani ni ya kawaida na sauti gani ni mwito wa kusimama. Ujuzi wa dereva na ubora wa gari havikuwa vitu viwili vinavyopigana. Kwake vilikuwa kitu kimoja, na alikipata kwa miaka kumi na zaidi ya kulala chini ya magari ya watu.

Porsche, Lancia, Audi

Kuanzia 1953 hadi 1971, hakuna dereva aliyeshinda Safari ambaye hakuwa mkazi wa Afrika Mashariki. Madereva wakubwa wa Ulaya walikuja, wakavunja magari, wakarudi. Mfini Rauno Aaltonen, aliyewahi kushinda Monte Carlo, alirudi mwaka baada ya mwaka. Alimaliza wa pili mara kadhaa na hakuwahi kushinda. Laana hiyo ya wageni ilivunjwa mwaka 1972 na Mfini mwingine, Hannu Mikkola, kwa Ford Escort.

Hapo ndipo viwanda vilipoamini kwamba Safari inaweza kununuliwa. Mwaka wa 1974 Porsche walimleta Björn Waldegård na 911. Alimaliza wa pili. Mshindi alikuwa Joginder Singh, na Mitsubishi Lancer ya injini ya 1600. Mwaka wa 1976 alishinda tena kwa Lancer.

Katikati, mwaka wa 1975, walikuja Lancia na Stratos. Kama hujawahi kuiona Stratos, itafute: ni kabari ya chuma yenye injini ya Ferrari ya silinda sita mgongoni, gari lililobuniwa kwa kazi moja tu, kushinda rali. Ilimaliza ya pili na ya tatu. Iliyotangulia ilikuwa Peugeot 504. Ndiyo, 504, ile ile iliyokuja kubeba abiria wa masafa marefu, watu tisa na kuku, kutoka mji hadi mji. Stratos ilishinda ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo, 1974, 1975 na 1976, lakini Safari haikuwahi kuipata.

Hapa inabidi niwe mkweli, kwa sababu dereva wa 504 hiyo, Ove Andersson, alikuwa Mswidi. Kwa hivyo hadithi ya kwamba "Mkenya anazaliwa na barabara ndani ya damu" haisimami. Barabara haina damu. Inajifunzwa. Mkenya alitangulia kuijua kwa sababu alikuwa akiipita kila siku akienda shambani au kazini. Mgeni aliyekubali kuja mapema na kuheshimu shimo aliijua pia.

Na aliyeijua kuliko wote alikuwa amefukuzwa kwao. Shekhar Mehta alizaliwa Uganda, katika familia ya Kihindi ya wenye mashamba ya miwa. Mwaka wa 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, Mehta akawa wa Kenya. Mwaka uliofuata alishinda Safari kwa Datsun 240Z baada ya kulingana adhabu na Harry Källström, mpaka ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Kisha akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982, miaka minne mfululizo, kwa Datsun yenye umbo la teksi. Ushindi mara tano, na katika Safari za ubingwa wa dunia hakuna aliyeufikia.

Mwaka wa 1983 Audi walileta Quattro, gari lililokuwa limebadilisha mchezo mzima duniani kwa sababu nguvu zake zilikwenda kwenye magurudumu yote manne, tena kwa turbo. Matopeni, gari la namna hiyo lilipaswa kumaliza mjadala. Mikkola alimaliza wa pili nalo, Michèle Mouton wa tatu. Aliyeshinda ni Ari Vatanen, kwa Opel Ascona inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma.

Pesa ilipojifunza barabara

Ningeweza kusimama hapa na makala yangekuwa matamu. Lakini orodha ya washindi inaendelea, na inaanza kusema kitu kingine.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Toyota walikuja na utaratibu. Walipeleka watu wakae hapa miezi, wakijaribu magari kwenye barabara zenyewe, kuvunja na kurekebisha. Walileta magari ya huduma yaliyojaa vipuri na mafundi. Walikodi helikopta zilizoruka mbele ya gari la mashindano, na mtu aliyekaa humo akimwambia dereva kwa redio: kuna ng'ombe kwenye kona, mto umejaa, lori linakuja. Waldegård, yule yule aliyeshindwa na Porsche, alishinda kwa Toyota mwaka 1984, 1986 na 1990. Baada yake wakaja Kankkunen na Sainz.

Kumbuka yule mzee wa Ngara na ng'ombe wake mtoni. Helikopta ilikuwa ng'ombe wa kukodi. Ujuzi uleule ambao mwenyeji aliupata kwa miaka 20 ya kuendesha, kiwanda kiliweza sasa kuununua kwa msimu mmoja. Ujuzi ulibaki na thamani yake. Kilichobadilika ni kwamba ulianza kuuzwa, na waliokuwa nao bure hawakuwa na pesa ya kushindana na wanunuzi. Mkenya wa mwisho kushinda Safari ikiwa mbio za dunia za magari makubwa ni Ian Duncan, mwaka 1994, naye alikuwa kwenye Toyota.

Na kuna swali ambalo majina yote niliyoyataja yanalikwepa. Preston, Nowicki, Singh, Mehta, Duncan. Tangu Safari iwe raundi ya ubingwa wa dunia mwaka 1973, hakuna Mkenya mweusi aliyeishinda. Je, Wakenya weusi hawakujua barabara? Ndio waliokuwa wakiyavuta magari kutoka matopeni, ndio waliokuwa wakishika spana usiku, ndio waliokuwa wakiendesha malori na mabasi kwenye njia zile zile mwaka mzima. Ujuzi ulikuwepo. Kiti hakikuwepo. Joginder alikuwa na gereji ya babake. Mehta alikuwa na mali ya familia. Tunaposema ujuzi unashinda gari, tuulize pia nani alipewa gari la kujifunzia.

Ndiyo maana namkumbuka sana Patrick Njiru. Mwaka wa 1993 Subaru walileta Safari kigari kinachoitwa Vivio, chenye injini ya sentimita za ujazo 660. Pikipiki nyingi zina injini kubwa kuliko hiyo. Mmoja wa madereva wao alikuwa Colin McRae, kijana wa Scotland, mmoja wa watu wenye kasi zaidi kuwahi kushika usukani, ambaye miaka miwili baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Mwingine alikuwa Njiru. McRae alikiendesha kigari kile kama McRae, akiwasumbua wenye magari makubwa, mpaka kikavunjika. Njiru alikifikisha mwisho, nafasi ya 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Gari moja, barabara moja, mvua moja. Mwaka uliofuata, kwa Subaru Impreza, alimaliza wa nne.

Simdharau McRae. Alijifunza, akarudi, akashinda Safari mwaka 1997, 1999 na 2002. Hiyo ndiyo hoja yenyewe. Hata yeye ilibidi ajifunze.

Koni na saa

Sasa turudi kwa mbogi yetu na simu zao.

Siku hizi kuna mahali halali pa kujaribu gari lako. Athi River kuna uwanja wa Whistling Morans, ambako watu wa kawaida huja na magari yao siku za mashindano. Kwenye mbio za aina hiyo unakimbia dhidi ya saa, na hakuna anayekuja mbele yako. Jumapili moja nilisimama pembeni kwa saa nne nikiangalia tu, nikiwa na daftari.

Magari ya nguvu yalikuwa yanatambulika kwa sauti kabla hayajaonekana. Kwenye kipande kilichonyooka yalikwenda kama risasi. Kisha kona ikafika, na hapo mchezo ukabadilika. Tairi lina kiasi fulani tu cha mshiko. Unaweza kuutumia kufunga breki, kukata kona, au kuongeza mwendo, lakini huwezi kuutumia wote kwa kazi zote kwa wakati mmoja. Dereva asiyejua huchelewa kufunga breki, anafika konani akiwa bado amekanyaga, anakata usukani, na gari linagoma, pua ikienda moja kwa moja kana kwamba usukani umekatwa. Anasubiri. Kisha anakanyaga mafuta kwa hasira, magurudumu yanazunguka bure, vumbi linapaa, watu wanashangilia. Inapendeza kuangalia, lakini saa haipendezwi.

Halafu akaja dada mmoja na kigari cha injini ndogo, kimya. Alifunga breki mapema gari likiwa limenyooka, akaiachilia taratibu, akaingia konani, macho yake yakiwa tayari yanaangalia mahali pa kutokea, akakanyaga mafuta kabla ya wengine hata hawajamaliza kupambana na usukani. Ukimwangalia ungedhani anaenda dukani. Muda wake ulikuwa bora kuliko wa magari kadhaa yenye nguvu mara mbili ya lake.

"Huyu amekuja mara ngapi?" nikamuuliza kijana aliyekuwa na saa.

"Huyo? Huyo hakosi, bro. Na hajawahi kubadilisha kitu kwa hiyo gari. Tairi na breki tu."

Usinielewe vibaya. Kulikuwa na jamaa mmoja wa Subaru aliyempita kwa mbali, kwa sababu naye anajua kuendesha, na gari lake ni bora. Mjuzi kwenye gari zuri atampiga mjuzi kwenye gari baya. Hilo halina siri. Lakini gari la nguvu halimfundishi mtu. Linamsaidia kuficha makosa kwenye sehemu iliyonyooka, kisha linayafichua yote kwa pamoja mahali pabaya.

Na mahali pabaya si Athi River. Athi River ukikosea unapiga koni, watu wanacheka, unarudi kwenye foleni. Ninaowahofia ni wale wa saa sita usiku kwenye Thika Road na Southern Bypass. Nilimzika kijana wa rika langu, jirani yetu, aliyenunua gari lenye nguvu mara mbili na zaidi ya lile alilojifunzia. Lami ilikuwa na unyevu. Alikuwa na gari hilo wiki tatu. Watu kwenye matanga walilaumu gari, wengine barabara, wengine shetani. Mimi nilikuwa nafikiria hesabu ndogo tunayofundishwa sekondari kisha tunaisahau: ukiongeza mwendo mara mbili, nishati inayotakiwa kuzimwa na breki inaongezeka mara nne. Kutoka 60 hadi 120, unahitaji umbali mara nne kusimama baada ya kukanyaga. Hakuna turbo inayobadilisha hilo. Alihitaji saa za mazoezi, na hakuna aliyekuwa akimuuzia saa. Waliokuwa wakimuuzia nguvu walikuwa wengi.

Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, ikarudi 2021, makao yakiwa Naivasha, barabara zikiwa zimefungwa. Sasa kuna vijana wetu wanaoanza mapema. Mmoja ni McRae Kimathi, ambaye babake alimpa jina la yule Mskoti. Mwaka wa 2022 alikwenda kuendesha kwenye theluji ya Sweden, katika mashindano ya vijana ambako wote wanapewa gari la aina moja, Ford Fiesta. Hakuna wa kulaumu injini huko. Mkikimbia kwenye barafu na magari sawa, tofauti iliyobaki ni mtu, na saa alizopewa za kujifunza. Kijana wa Nairobi alikuwa anaanza na saa chache za theluji kuliko wote, lakini angalau alipewa kiti.

Ukiniuliza leo pale kwenye kibanda, jibu langu litakuwa refu kidogo kwa watu wenye chai ya moto. Ujuzi unalishinda gari mahali ambapo kukosea ni ghali, na barabara zetu ni mahali hapo. Ila ujuzi si kipaji cha kujisifia. Ni saa, na saa zina bei, na si kila mtu hupewa. Kwa hivyo kama una pesa ya turbo, nunua tairi nzuri na breki kwanza, kisha lipia siku kadhaa uwanjani, mchana, mbele ya mtu mwenye saa ambaye hatakuonea aibu. Mchukue na yule rafiki yako asiye na gari, mpe zamu.

Joginder Singh alifariki London mwaka 2013. Watu humkumbuka kwa mara tatu alizoshinda Safari. Mimi nina hesabu nyingine ninayoipenda zaidi. Aliingia Safari mara 22, wakati ambao magari 93 yangeweza kuanza na 7 tu kurudi. Alimaliza mara 19.